Nilienda Chicago, nikafunzwa habari za Ifakara

Wahenga walisema tembea uone. Lakini wakati mwingine mtu huzunguka nusu ya dunia ili aonyeshwe jambo lililo jirani na kwao. Hayo ndiyo yaliyonipata mimi, msomaji wangu, na ndiyo sababu leo nimeona nikusimulie safari yangu ya Chicago, huko Marekani, nilikohudhuria kongamano la kimataifa la madaktari wa upasuaji mnamo Oktoba 2025.

Huenda una mtoto nyumbani anayesema akikua atakuwa daktari. Huenda wewe mwenyewe u mwanafunzi na umeanza kukonda kwa sababu ya Kemia. Au huenda hutaki hata kusikia harufu ya dawa. Nyote nawakaribisha twende pamoja. Sitawachosha kwa maneno magumu ya hospitali.

SAFARI YENYEWE

Kwanza nikupe ushauri. Ukitaka kwenda kongamano la ng'ambo, anza kushughulikia viza miezi mingi kabla ya siku yenyewe. Utatakiwa uwe na barua ya mwaliko, barua ya mwajiri, taarifa ya benki na majibu mafupi ya kweli. Pesa nazo uzitafute mapema. Mimi sikuwa na mfadhili. Nauli yangu ilitoka kwa mkopo wa sacco, na hadi leo unakatwa kwenye mshahara wangu kila mwisho wa mwezi.

Tangu Oktoba 2018 kumekuwa na ndege zitokazo Nairobi hadi New York bila kutua popote. Ni safari ya saa kumi na tano hivi. Utakula, utalala, utaamka, utakula tena, na ukichungulia dirishani utaona bado ni bahari. Kutoka New York nilipanda ndege nyingine hadi Chicago, na katika uwanja wa O'Hare nikaingia treni inayomfikisha mtu hadi katikati ya mji kwa nauli ndogo kuliko ya teksi.

Sasa jihadhari na saa. Ikiwa Nairobi ni saa sita mchana, mwezi huo wa Oktoba Chicago huwa ni saa kumi alfajiri. Usiku wa kwanza niliamka saa nane, macho makavu kama ya bundi, nikakaa dirishani nikitazama taa za magorofa mpaka kulipopambazuka.

Chicago ni mji uliojengwa kando ya ziwa. Ziwa Michigan ni maji matupu hadi upeo wa macho, ng'ambo haionekani. Lakini usivunjike moyo, Mkenya mwenzangu, maana kwa eneo Ziwa Victoria ni kubwa kuliko hilo. Tofauti ni kwamba wenzetu wameacha ufuo wao mrefu uwe bustani za umma. Asubuhi utawaona wazee, vijana na kina mama wanaosukuma vigari vya watoto wakitembea kando ya maji bila mtu kuwauliza wanakwenda wapi.

MJI NDANI YA MJI

Kongamano lilifanyika katika jumba la McCormick Place, lililo kubwa kuliko majumba yote ya mikutano katika Amerika Kaskazini. Kwa kweli si jumba moja bali ni majumba manne yaliyounganishwa, na moja limekaa ukingoni kabisa mwa ziwa. Vaa viatu vyepesi! Mimi nilikuwa nimenunua viatu vipya vyeusi vya ngozi ili niheshimike, na kufikia siku ya pili nilikuwa nikichechemea kama mtu aliyefanyiwa upasuaji jana yake.

Mwenyeji ni chama kiitwacho American College of Surgeons, kilichoanzishwa mwaka 1913 na ambacho makao yake makuu yako mji huo huo. Leo kina wanachama zaidi ya 90,000 kutoka nchi nyingi. Mikutano yake ni ya zamani kuliko chama chenyewe. Mwaka 1910 daktari mmoja wa Chicago, Franklin Martin, aliwaalika wenzake waje mjini humo wasikae kusikiliza hotuba tu, bali waingie hospitalini watazame kwa macho namna wenzao wanavyopasua. Waliofika walizidi elfu moja.

Siku hizi hamtazami mgonjwa kitandani. Mnakaa katika kumbi zenye giza, na kwenye skrini kubwa mnaonyeshwa kazi ya mikono. Mihadhara huwa mingi kwa wakati mmoja. Huku wanazungumzia ini, kule majeraha ya ajali, kwingine watoto wachanga. Kuchagua ni kazi. Mwanafunzi atakayewahi kufika huko akumbuke kwamba hawezi kusikia yote, na kwamba mazungumzo ya foleni ya chai mara nyingine humfaa mtu kuliko mhadhara.

Halafu kuna maonyesho. Hapo ndipo macho ya mtu aliyetoka kwetu hutoka kweli kweli. Nyuzi za kushonea za kila aina, taa zisizotupa kivuli, vitanda vinavyojipinda vyenyewe. Na kuna roboti. Wengi wamesikia habari za ile iitwayo da Vinci, iliyoruhusiwa kutumika Marekani tangu mwaka 2000. Daktari huketi pembeni akitazama ndani ya kioo, vidole vyake vikisogeza mikono ya chuma iliyo ndani ya tumbo la mgonjwa. Mikono hiyo haitetemeki.

Kijana mmoja muuzaji, mwenye tabasamu na suti safi, aliniuliza hospitali yetu ina vyumba vingapi vya upasuaji. Nikamjibu viwili. Akauliza kama vyote vinatumika. Nikamwambia kimoja taa yake imekufa tangu Machi. Tabasamu halikumtoka, ila hakuniuliza tena. Alinipa kalamu.

Usidhani nililia wivu. Nililijua jambo hilo kabla sijapanda ndege. Mwaka 2015 tume iliyoundwa na jarida la kitabibu la The Lancet ilikadiria kwamba watu bilioni 5 duniani hawawezi kupata upasuaji ulio salama na ulio ndani ya uwezo wao wanapouhitaji. Wagonjwa wangu ni miongoni mwao. Nilikuwa nimekwenda kutafuta jambo moja tu nitakaloweza kurudi nalo mkobani.

MTU MWEUSI NA MOYO WA MWENZAKE

Kabla sijakwambia nililipata wapi, nikukutanishe na mtu mmoja ambaye kila mtoto wa Kiafrika anayeota udaktari anapaswa kumjua. Jina lake ni Daniel Hale Williams.

Katika miaka ya 1890, msichana mweusi aliyetaka kusomea uuguzi mjini Chicago alifungiwa milango. Daktari Williams, mtu mweusi, akashirikiana na wenzake kufungua hospitali ya Provident mwaka 1891, ambamo madaktari weusi na weupe walifanya kazi pamoja na wasichana weusi wakafunzwa uuguzi. Hospitali yenye jina hilo ingalipo hadi leo kusini mwa mji.

Mwezi Julai 1893 aliletwa hapo kijana aitwaye James Cornish, amechomwa kisu kifuani. Wakati huo eksirei ilikuwa haijagunduliwa. Ilikuja mwaka 1895. Dawa za kuua viini mwilini, kama penisilini, hazikuwapo. Kifua cha mtu kilikuwa kitu cha kuogopwa, na mgonjwa wa namna hiyo aliachwa ajifie. Williams alikifungua, akaushona utando unaouzunguka moyo huku moyo wenyewe ukidunda mbele yake. Cornish alitoka hospitalini kwa miguu yake, akaishi miaka mingi baadaye.

Na American College of Surgeons ilipoanzishwa mwaka 1913, Williams ndiye aliyekuwa mtu mweusi pekee miongoni mwa wanachama wa kwanza. Nilitembea katika kumbi zile nikiwaona mabinti weusi wenye beji shingoni, wengine wakielekea jukwaani kuwafundisha wazee wenye mvi. Nikamkumbuka yeye.

CHUMBA KIDOGO GHOROFANI

Siku ya tatu miguu ilinikataa. Nikaingia katika chumba cha karibu, si kwa kupenda somo, ila kwa kuona viti vitupu. Mada ilikuwa usalama wa mgonjwa.

Mzungumzaji, mzee wa miaka sabini na kitu, hakuonyesha roboti. Alionyesha karatasi moja. Ni ile orodha iliyotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2008, yenye mambo 19 ya kuhakikishwa kwa sauti katika nyakati tatu: kabla mgonjwa hajapewa nusukaputi, kabla kisu hakijagusa ngozi, na kabla mgonjwa hajatolewa chumbani. Je, huyu ndiye mgonjwa mwenyewe? Tunapasua upande gani? Kila mtu chumbani ametaja jina lake na kazi yake? Dawa ya kuzuia viini ametiwa? Na mwishoni: vyombo, sindano na vitambaa vimehesabiwa na hesabu imetimia?

Kisha akaonyesha mahali orodha hiyo ilipojaribiwa kwa mara ya kwanza. Ilikuwa miji minane. Toronto, London, Seattle, Auckland, Manila, Amman, New Delhi, na wa nane, Ifakara.

Jirani yangu, mwenyeji wa huko huko Marekani, aliniinamia akaninong'oneza: Ifakara iko wapi? Nikamjibu: kwetu.

Najua, msomaji, Ifakara iko Tanzania, katika bonde la Kilombero, mkoani Morogoro, nchi ya mpunga. Mimi ni Mkenya na sijawahi kufika. Lakini ukiwa mbali hivyo, jirani huwa ndugu. Nilikaa wima kitini.

Mzee akaendelea. Katika hospitali hizo nane, wagonjwa 3,733 walifuatiliwa kabla ya orodha kuanza kutumika, na 3,955 baada yake. Waliokufa walipungua kutoka asilimia 1.5 hadi asilimia 0.8. Waliopata madhara makubwa walipungua kutoka asilimia 11 hadi asilimia 7. Matokeo yalichapishwa Januari 2009. Karatasi moja! Haihitaji umeme, wala haiharibiki taa.

Hapo ndipo mzee alipoizima skrini akatuuliza swali. Ni wangapi humu ambao karatasi hiyo hujazwa baada ya mgonjwa kutolewa, mtu mmoja akitia alama zote kwa mkupuo huku akinywa chai? Akainua mkono wake mwenyewe kwanza. Akatusimulia siku aliyompasua mgonjwa upande usio wake, miaka mingi iliyopita, na jinsi alivyoshindwa kumtazama mkewe jioni hiyo. Alisema bila kulia na bila kujitetea. Mikono ikaanza kuinuka, mmoja mmoja. Madaktari wa hospitali kubwa kubwa.

Wangu haukuinuka.

NILICHOKUWA NIMEKIFICHA

Sasa nikwambie kwa nini. Miaka miwili kabla ya safari hii, usiku wa manane, nilimpasua mama mmoja mwuza mboga aliyetobokewa na utumbo. Tulikuwa tumechoka. Muuguzi wa kuhesabu vitambaa alikuwa ameitwa wodi ya wazazi, akarudi tumemaliza. Nilimwambia atie alama zote, hesabu iko sawa. Haikuwa sawa.

Wiki tatu baadaye alirudi na homa. Eksirei ikaonyesha ule uzi mweupe unaotiwa ndani ya kitambaa cha upasuaji ili kionekane. Nikamfungua tena, nikakitoa. Alikaa wodini karibu miezi miwili, na kibanda chake sokoni kikachukuliwa na mtu mwingine. Nami nilimwambia tulikuwa tunasafisha usaha. Usaha ulikuwapo, ni kweli. Kwa hiyo nilijipa moyo kwamba sikusema uongo.

Mchana huo sikurudi kwenye mihadhara. Nilitembea kando ya ziwa kuelekea kaskazini, mwendo wa nusu saa hivi, hadi jumba la makumbusho la Field Museum. Humo, msomaji, wamo simba wawili wa Tsavo, wale waliokula wafanyakazi wa reli mwaka 1898. Aliyewaua, John Henry Patterson, aliziweka ngozi zao sakafuni kama mazulia kwa miaka mingi, kisha mwaka 1924 akaliuzia jumba hilo kwa dola 5,000. Ni madume wasio na manyoya ya shingoni, na baada ya kukatwa na kushonwa wanaonekana wadogo kuliko ulivyowawazia.

Watoto wa Chicago walikuwa wamejazana mbele ya kioo. Mimi nilisimama nyuma nikisoma habari zao na kukumbuka niliyoyasoma shuleni. Patterson alidai waliliwa watu 135. Wanasayansi waliopima mifupa na manyoya ya simba hao walichapisha mwaka 2009 kwamba huenda walikuwa kama 35 tu. Simba wanajulikana duniani kote. Watu wenyewe hata idadi yao haikuwekwa sawasawa. Nikatoka nje nikakaa kwenye ngazi, nikalitazama ziwa mpaka jua likaanza kutua.

NILICHORUDI NACHO

Nilirudi nyumbani na kalamu ya yule kijana, chokoleti za watoto, na karatasi ile moja. Karatasi hiyo ilikuwa imebandikwa ukutani mwetu miaka yote, kona zake zimejikunja, na ilivunjwa ungo karibu nasi kuliko Mombasa ilivyo mbali na Chicago mara elfu.

Siku ya kwanza kuisoma kwa sauti, vijana wangu walicheka. Kila mtu ataje jina lake, nani hapa hamjui mwenzake? Lakini tulitaja. Ikatokea kwamba mwanafunzi wa uuguzi aliyekuwa nasi mwezi mzima, hakuna aliyejua anaitwa nani. Wiki ya tatu, binti huyo huyo alisema kwa sauti ndogo, nikiwa nimeshika sindano ya kufungia tumbo: Daktari, kimepungua kimoja. Zamani angenyamaza. Tulitafuta dakika kumi. Tulikikuta chini ya shuka, wala hakikuwa tumboni. Nilimshukuru mbele ya wote.

Kisha nikaenda sokoni. Nilimpata yule mama akiuza chini, juu ya gunia, mwisho kabisa wa safu. Nikachutama.

"Mama, kile kilichokurudisha kwa upasuaji hakikuwa usaha tu. Kilikuwa kitambaa. Tulikisahau sisi, na mkuu wa kazi usiku ule nilikuwa mimi. Sikukwambia."

Aliendelea kupanga nyanya zake mafungu mafungu.

"Najua, daktari," akasema. "Wauguzi huongea wakidhani mgonjwa amelala. Nilikuwa nangoja mmoja wenu aje aseme."

Hakuniambia amenisamehe, wala sikumwomba aseme hivyo. Nilimweleza kwamba ana haki ya kulalamika rasmi, na kwamba akitaka nitaandika kwa mkono wangu yaliyotokea. Akasema atafikiri. Nilipoinuka aliniuliza swali moja.

"Na sasa mnahesabu?"

"Tunahesabu, mama."

Basi msomaji wangu, nenda ng'ambo ukipata nafasi. Kaone ziwa, kaone roboti, kasimame mbele ya simba wetu. Wewe mwanafunzi, usiogope Kemia, maana Daniel Hale Williams alianza akiwa na vizuizi vingi kuliko vyako. Na wewe mzazi, ikitokea siku mtu wako apelekwe chumba cha upasuaji, usione haya mbele ya koti jeupe. Muulize daktari kwa upole atampasua upande gani. Muulize nani atahesabu vitambaa, na atahesabu lini. Daktari mwema hatakasirika. Na akikasirika, muulize tena.